Bustani Iliyonyolewa

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na upara, na watu walimwita Kipara mchana kweupe, bila kumung'unya maneno. Mwenyewe hakukasirika. Alisema kinyozi mwenye nywele ana vichwa viwili vya kuhangaikia, yeye ana kimoja tu, cha mteja. Kibandani kwake kulikuwa na kiti cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, mashine mbili, na brashi laini za kupangusia shingo, zimepangwa kwa ukubwa. Usafi wake ulipita kiasi. Wewe bado unajitazama kiooni, yeye ameshafagia nywele zako na kuzitoa nje.

Aliishi na bibi yake mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka kibandani. Babu alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua Bibi asiachwe peke yake, na kwa kuwa Kipara hakuwa na mke wala mtoto, wote wakamgeukia yeye. Akahamia chumba cha nyuma akijiona anatoa msaada mkubwa. Wacha nicheke kidogo. Bibi alimpokea mlangoni akamwambia, "Karibu, mume wangu. Aliyekutangulia alikuwa anaamka saa kumi na mbili."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda walikuwa bustanini nyuma ya nyumba, mjukuu na jembe, Bibi na kigoda chake na amri zake. Kulikuwa na mchicha, bamia, nyanya, na kando ya uzio ukanda mzima wa maua pori ambayo hakuna aliyeyapanda. Bibi aliyajua moja moja na kuyapa majina yake mwenyewe. Lile la bluu linalotambaa aliliita Shemeji, kwa kuwa huingia popote bila kubisha hodi. La njano lilikuwa Karani: linafungua saa tatu asubuhi, saa kumi limeshafunga, na hata ulipigie magoti halikuongezei dakika. Kipara aliitikia "ndiyo, Bibi" huku macho yake yakiona magugu matupu.

Lakini roho ya Bibi ilikuwa kwenye maboga. Mbegu yake aliileta Babu mwaka waliooana, na kila mavuno walitunza za mwaka unaofuata. Mwaka huo panya waliingia kwenye kopo wakabakiza mbegu tano. Zikaota tatu. Mashina yale matatu yasipozaa, ndiyo basi, mbegu ya Babu imeishia hapo. Bibi alilisema hilo mara moja tu, akiwa anakandamiza udongo kwa vidole, wala hakulirudia.

Mashina yalipoanza kutoa vikonyo vya maua, Bibi akaenda siku tatu kumuuguza binti yake, mama mdogo wa Kipara. Kipara akaona huu ndio wakati wa kumfurahisha. Akafunga kibanda, akashika fyekeo, akaingia kwenye ule ukanda wa uzioni kama anaingia kwenye kichwa cha mteja aliyetoka safari ndefu. Akafyeka, akang'oa, akapiga kamba akachonga kingo zikanyooka, kisha akafagia. Jamani, alifagia udongo! Akasimama kwa mbali, kichwa upande, akaridhika.

Bibi aliporudi alisimama palepale mlangoni, mkoba ungali begani. Alitazama uzio, akatazama kichwa cha mjukuu wake.

"Umeninyolea bustani," akasema. "Naona sasa mmefanana."

Kipara akacheka. Alicheka peke yake.

"Akina Shemeji wale ndio walikuwa wenyeji wa nyuki, mume wangu," Bibi akasema taratibu. "Nyuki walikuja kwa ajili yao. Maboga yangu waliyapitia tu njiani."

Aibu ikamshika hadi akakosa pa kuweka mikono. Bora angegombezwa. Bibi aliingia ndani akabadili nguo, akatoka akamwagilia nyanya, akauliza wateja hawajambo.

Wiki ile maua ya maboga yakafunguka, makubwa, ya njano, na nyuki hawakuonekana. Ua jike la boga unalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake, hakizidi ncha ya kidole gumba. Vile viboga vikageuka rangi, vikalegea, vikadondoka. Kila asubuhi Kipara alikuta kimoja au viwili chini. Aliviokota akavificha mfukoni Bibi asivione, na Bibi alimwona.

"Leta hapa," akamwambia siku ya tatu. "Mama yangu alikuwa akichukua unga wa njano kwenye ua dume, anaupaka kwenye jike kwa mkono wake. Lazima alfajiri, kabla halijafunga." Akajaribu. Vidole vyake vilitetemeka, ua likachanika. Akajaribu la pili, nalo likachanika, na Bibi akaficha mkono ule kwenye kanga.

Kipara alitoka mbio hadi kibandani. Alirudi na brashi mpya ya shingo, ile ndogo, laini kupita zote.

"Usije ukanipakia poda maboga," Bibi akasema.

Kipara akapiga magoti kwenye umande. Watu wazima wanasema mkono wa kinyozi hautetemeki. Akazungusha brashi ndani ya ua dume, ikatoka na manjano, akaipeleka kwenye ua jike polepole, na Bibi nyuma yake anaelekeza: hapo katikati, usibonyeze, mguse tu. Ikawa kazi yao ya kila alfajiri. Wateja wakisubiri nje ya kibanda walisema Kipara anachumbia maboga, naye hakubisha.

Jioni alikwenda ukingo wa reli na ndoo. Njia ile aliipita miaka yote, na sasa tu ndiyo aliona imejaa maua: meupe madogo yenye harufu ya asali ukiyasogelea, ya zambarau yanayojificha chini ya nyasi, hata Shemeji na Karani walikuwepo. Aliyachimba na udongo wake, akayapanda uzioni. Mengine yalikufa. Shemeji alishika siku ileile, kama ilivyo tabia yake. Karani alinuna wiki mbili, halafu asubuhi moja saa tatu kamili akafungua, na Kipara akajikuta anamwita Bibi mbio kama mtu aliyepata mtoto. Walikaa pale wawili wakilitazama ua lisilozidi kifungo cha shati. Alikuwa na furaha, na alijua kwamba ana furaha, na alimshukuru ajuza yule kimoyomoyo kwa kumfundisha kutazama chini.

Viboga kumi na kimoja vilidondoka. Kimoja kilikaa.

Kilinenepa mpaka kikahitaji kuwekewa nyasi kavu chini kisioze. Siku ya kuvuna boga lile, Kipara alilibeba mwenyewe hadi jikoni. Bibi akapasua, akatoa mbegu, akaziosha, akazitandaza juu ya gazeti kwenye dirisha. Zilikuwa nyingi, nene, nyeupe.

"Miaka yote hiyo nyuki walinifanyia kazi hii," akasema, "na sikumjua hata mmoja nimwambie ahsante. Mwaka huu namjua. Ahsante, mjukuu wangu."

Bibi hakuwahi kumwita mjukuu. Kipara akajifanya anafuta kisu.

Zilipokauka, alileta kopo jipya lenye mfuniko wa chuma, akamwekea Bibi mbele. Bibi akazimimina humo zote, akafunga, akamrudishia.

"Weka chumbani kwako."

"Zote, Bibi? Na wewe?"

"Mimi mwakani nitakuja kukuomba," akasema. "Usininyime."

Kipara akalipokea kopo kwa mikono miwili.