Nani Amkatie Inkar Kamba

Mtaani kwetu, nyuma ya stesheni, ukimtafuta Kulpash huna haja ya kuuliza nyumba. Fuata mlio wa cherehani. Hushona magodoro ya pamba na mapazia, na huishi na mama yake, Bibi Bibizhar, ambaye magoti yake yamechoka ila ulimi bado. Zamani Kulpash aliolewa, akakaa kwa mumewe miaka mitatu bila kupata mtoto, kisha akarudi kwao na sanduku lake. Watu hawamsemi vibaya. Ila arusi ikija humwita ashone matandiko ya bibi arusi, na siku ya kuyatandika humwita mwingine.

Mwaka huo Nauruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, iliangukia mwisho wa juma, watu wakapata siku tatu za mapumziko. Mdogo wake Kulpash, Serzhan, akapiga simu kutoka mji wa Almaty kwamba anakuja na mkewe Anar na mtoto wao Inkar, aliyetimiza mwaka wakati wa theluji na alikuwa bado hajatembea. Kulpash akapaka miti ya uani chokaa, akafua kila kinachofulika, akaokota hata vikokoto, mtoto asije akavila.

Walishuka kwenye treni Ijumaa. Inkar alimtazama shangazi yake, akaangua kilio.

"Usimjali, wifi," Anar akasema huku akimbembeleza mtoto. "Hata mimi kuna siku ananililia. Si anashinda na yaya! Jino la kwanza niliambiwa kwa simu, niko kazini. Sasa namwomba Mungu hatua ya kwanza tu isinipite."

"Haitakupita," Kulpash akamwambia.

Kesho yake watu wote walikwenda kwenye uwanja wa chini ya kilima kuwatazama wapanda farasi wakicheza mchezo wa kugombea mzoga wa mbuzi. Upepo ulikuwa mkali na Inkar ana mafua, kwa hiyo Kulpash akasema wamwachie. Bibi Bibizhar naye akabaki chumbani, akisema atajinyoosha kidogo.

Inkar alikwisha kununuliwa kwa kipande cha andazi, halii tena. Kulpash alimsimamisha uani, penye kitanda cha mbao tunachokalia wakati wa chai, akamshikisha ukingo wake. Mwenyewe akapiga magoti hatua chache mbele, akawa anachambua pamba ya godoro. Mti wa aprikoti wa jirani ulikuwa na maua, lakini mtoto alikuwa akiitazama ile pamba tu. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akayumba kama mlevi, akaja, mguu kwa mguu, akamwangukia shangazi yake kifuani na kukamata pamba kwa viganja vyote viwili.

"Ewe!" Kulpash akapiga kelele. "Ewe mtoto wewe! Umetembea!"

Akageuka amtafute wa kumwambia. Palikuwa na kuku na kamba ya nguo. Alichukua simu, akalitafuta jina la Anar, akalitazama, kisha akairudisha simu kwenye mfuko wa aproni. Akamnyanyua mtoto, akambeba mgongoni mpaka wenzake waliporudi. Hakumweka chini tena, asije akazoea.

Jioni, akiwa jikoni anakanda unga, alisikia kelele sebuleni.

"Anatembea! Serzhan, njoo, anatembea! Wifi! Mama! Njooni!"

Alitoka na mikono ya unga. Inkar alikuwa katikati ya zulia, anacheka, na mama yake yuko chini, machozi yanamtiririka.

"Mashallah," Kulpash akasema. "Tena sikukuu hii hii!"

Ikawa hakuna kungoja tena: kamba ikatwe kesho, ndugu na majirani wakiwa karibu. Kwetu mtoto akianza kutembea hufungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeupe na nyeusi, mtu akaikata, naye mtoto akaenda zake duniani. Kulpash ndiye aliyeisokota. Aliisokota pale pale mezani, wengine wakinywa chai.

"Sasa nani akate?" Serzhan akauliza.

"Mimi nasema wifi," Anar akasema. "Leo kutwa mtoto kamganda yeye."

Bibi Bibizhar aliweka bakuli lake la chai chini.

"Akate Rabiga," akasema. "Ana wana watano, na mwendo wake mnaujua. Mguu wa mtoto hufuata mkono uliomkatia."

"Lakini mama..."

"Rabiga anafaa," Kulpash akawahi kusema, macho kwenye sufu. "Yule akienda sokoni, hata mbwa hamfikii."

Wakacheka, yakaisha.

Jumapili Rabiga, jirani yetu wa mkono wa kulia, akaja na kitambaa kipya kichwani na kisu chake mwenyewe. Kitambaa cheupe kikatandazwa uani. "Nenda, binti, usichoke, usijikwae!" akasema, akakata, na peremende zikarushwa juu yetu kama mvua. Inkar alipiga hatua mbili, akaona peremende, akaketi chini kuila na karatasi yake. Tulicheka mpaka basi. Nilimwona Kulpash amesimama nyuma, mlangoni pa jiko, na sahani mikononi.

Jioni hiyo hiyo wakapanda treni. Mtoto alikuwa amelala begani kwa baba yake, hakuamka kuaga.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kurudisha sufuria niliyoazima. Kulpash alikuwa amelitundika zulia, analikung'uta. Bibi Bibizhar alikaa kwenye kitanda cha uani na chai yake. Nikasita langoni, kwa sababu nilimsikia ananena kwa sauti ya chini ambayo si yake.

"Niliona juzi, kupitia dirishani. Mtoto alitembea kwako."

Kulpash akasimamisha fimbo. "Uliona? Na bado ukamtaja Rabiga?"

"Mtoto ataanguka, mwanangu. Watoto wote huanguka. Leo goti, kesho mtihani, keshokutwa ndoa. Kila akianguka watasema, nani alimkatia kamba? Nisingekubali wakuseme wewe."

Kulpash alilipiga zulia mara moja, akaishusha fimbo.

"Mimi ningekubali, mama," akasema. "Wangenisema, lakini ningekuwamo maishani mwake."

Kikongwe yule alimimina chai katika bakuli lingine, akaisogeza kwenye ukingo wa kitanda upande wa bintiye, akangoja. Kulpash alilikung'uta zulia mpaka vumbi likaisha, na bado akaendelea. Nikaiweka sufuria pale langoni, nikaondoka bila kubisha.