Wifi Asiyepaka Mafuta

Wifi yangu hapaki mafuta mikononi, na kwa hilo nilimchukia miaka tisa mizima. Mke wa kaka yangu, mikono imepauka hadi viwikoni, halafu anawapa watu salamu harusini! Siku moja nikamwuliza mbele za watu, "Kwani kaka yangu kashindwa kukununulia hata kopo la mafuta?" Akacheka tu. "Vyura hawapendi, wifi."

Vyura! Ndiyo kazi yake: kulea vyura wadogo wa rangi ya tope ambao porini wamekwisha. Walibaki kumi na tisa, kwenye matangi ya vioo, chumba cha baridi nyuma ya chuo. Alinieleza mara mia kwamba chura hunywa kwa ngozi. Ukimshika na mkono wenye mafuta au marashi, umemlisha sumu. Aliyeingia mle alinawa maji matupu, akavaa glavu zilizoloweshwa. Mimi nilikuwa karani wa mradi huo huo, mwandishi wa barua za kuomba ufadhili, na maelezo yake yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kati ya wale kumi na tisa, jike alikuwa mmoja. Mwaka ule tumbo lake likajaa mayai, mara ya kwanza tangu aletwe. Wifi hata chakula cha mchana akawa hali.

Wiki hiyo hiyo akaja mgeni wa shirika linalofadhili wanyama walio hatarini kutoweka duniani kote. Mkataba wetu ulikuwa unaisha, na yeye ndiye wa kusema tuendelee au tufunge. Akatuambia bila haya kwamba tembo na chui hawamsumbui, picha zao zinajiuza zenyewe. "Huyu wenu ana sura ngumu." Akataka apigwe picha amemshika yule jike, kwa sababu ndiye mnene. Glavu akazikataa, eti picha itaonekana ya hospitali.

"Haiwezekani," wifi akasema. Mgeni akafunga daftari lake.

Nikamvuta wifi pembeni. "Usituletee kiburi chako hapa! Ni dakika moja tu. Wakifunga, hao vyura utawalisha mate?"

Akanitazama. "Amenawa?"

"Amenawa," nikasema.

Sikuwa nimemwona akinawa. Nilichokiona ni anavyojipaka dawa ya mbu garini, kuanzia vidole hadi shingo, na wala sikuwaza kitu. Wifi akaniamini, akafungua tangi.

Jike alikufa kesho yake asubuhi, na mayai yake tumboni. Wifi hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwezi uliofuata barua ikaja. Hongereni, mmepewa miaka mitano! Picha imependeza, imewekwa kwenye jalada la taarifa yao. Wanaomba nyingine, jike yule yule na watoto wake. Niliwachukia wao, nikajichukia na mimi. Nikaenda nayo kwa wifi, nikamkuta analisha madume, nikamwuliza tujibu nini.

"Waambie waje watage wenyewe," akasema, hata hakugeuka.

Nikaketi, nikaandika hivyo hivyo. Chini yake nikaandika ni nani aliyesema mgeni amenawa, nikatia sahihi yangu, nikaituma.