Ubao wa Nyumba Yetu Darajani

Mlio wa ubao uliolegea haujaniacha mpaka leo. Juzi mafundi walikuwa wakipita juu ya mbao kwenye jengo la jirani yangu, ko, ko, ko, nami nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, miguu inaniwasha. Nilikulia karibu na Njinjo, kijiji chenye daraja kuukuu la chuma. Niacheni niwasimulie, maana kukaa nalo kimya siwezi.

Wakubwa walisema lilijengwa enzi za mkoloni ili malori ya pamba yavuke mto. Barabara mpya ilipopita kwingine na kupewa daraja la zege, letu likaachiwa waenda kwa miguu, na mbao zake zikaoza. Ndipo kila nyumba ikatakiwa kuweka ubao wake. Ulikanyaga ubao wa mninga wa Bibi Somoe, jirani yetu, ukakanyaga ule wa mkongo wa mwalimu wa madrasa, hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Kuweka ubao ilikuwa kazi ya mwanamume mwenye nyumba. Nyumba ikihama inang'oa wake, na watu wanajua hao hawapo tena.

Wetu aliuweka baba, kabla hajaenda Dar es Salaam kutafuta maisha baada ya msimu mbaya wa korosho. Mwanzoni alipiga simu kila mara. Kisha simu zikapungua, na ubao nao ukaanza kuoza upande mmoja. Asubuhi moja Mzee Mbonde, msimamizi wa daraja, alikuja kwetu, akakataa hata kukaa.

"Mama Zuhura, ubao wenu utamvunja mtu mguu. Mwenyewe aje aubadilishe, au ung'olewe. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mwenyewe anakuja, mzee wangu," mama alijibu, akiendelea kupepeta mchele.

Nilisikia yote, nikaelewa kwa akili yangu ya kitoto kwamba ubao ukitoka, baba hana tena pa kurudi. Tangu hapo sikutulia. Kabla ya shule nilikimbia darajani kuutazama, baada ya shule tena, na kabla ya madrasa tena. Chuma kilichochomwa na jua kilinuka kama sarafu iliyokaa kiganjani. Niliukanyaga ubao wetu, ukalia, nikarudi nikihema. Bibi Somoe alinicheka kila nilipompita na shikamoo ya mbiombio.

"Marahaba. We mtoto, umekanyaga siafu?"

Mama alinitazama nikitoka na kuingia, akaendelea kupepeta. Nilimkasirikia sana. Mumewe anataka kung'olewa, yeye na ungo wake!

Siku moja wenzangu wakanivuta kwenye rede. Nilikuwa hodari wa kukwepa mpira, mchezo ukanoga, jua likazama sijalikumbuka daraja. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye kope, nikala, nikalala fofofo.

Kesho yake nilipofika darajani, mahali petu palikuwa pengo, na mto unapita chini yake. Nilikimbia nyumbani nikilia na kumlaani Mzee Mbonde njia nzima. Nikamkuta mama jikoni. Ubao wetu ulikuwa umepasuliwa kuni, na juu yake sufuria ya kunde inachemka.

"Nimeung'oa mwenyewe," alisema. "Nyamaza ule, mwanangu, tunakwenda Kikole kwa bibi yako."

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile mama alikata tamaa. Nilipopata watoto wangu ndipo nikathubutu kumwuliza. Akaniambia, bila hata kuinua macho, kwamba baba alikuwa ameshaoa huko Dar kabla Mzee Mbonde hajaja kwetu, na yeye alijua.

"Sasa ulikuwa unamsubiri nani?"

"Wewe. Ningeung'oa ungali unakimbia, ungeumia mno. Ulipocheza ukasahau, nikajua utaweza."

Nililia, mtu mzima na watoto wangu wananitazama. Kumbe muda wote ule alikubali kijiji kimwone mjinga, mwanamke anayemngoja mume asiyerudi, ili mimi nimsahau baba kidogo kidogo.