Neno Kuhawilisha

Leo karani amenisogezea pedi ya wino. Nimebonyeza dole gumba, na harufu ile imenirudisha barazani kwa bibi, mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai.

Siku hiyo baba mdogo alileta karatasi iliyopigwa taipu. Bibi hakujua kusoma, akanipa mimi. Darasani hakuna aliyeniweza kwa maswali ya maarifa; nilijua mji mkuu wa kila nchi, na bibi alinitangaza hadi kanisani.

"Soma, msomi wangu. Inasemaje?"

Nikasoma kwa sauti mpaka nikakutana na neno kuhawilisha. Sikulijua. Baba mdogo alinikazia macho, bibi akingoja huku akitabasamu. Nikaona aibu.

"Inasema shamba la kahawa ni lako, bibi."

Akacheka, akaweka dole gumba, kisha akajifuta wino kwa jani la mgomba.

Kuhawilisha ni kumpa mtu mwingine kilicho chako. Nilikuja kulisoma kwenye kamusi nikiwa sekondari, bibi akiwa kwenye chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Daraja Mbili, bado akiwaambia majirani kwamba mjukuu wake anajua kila kitu.