Simu ya Mama Monika Imejaa

Laurenti alipoondoka Rasbura alibeba kitanda, televisheni, feni, mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya jiko, na hata kitasa cha mlango wa chumbani. Alimwambia mkewe Restuta kwamba anakwenda Kilwa Masoko kwenye kibarua cha ujenzi cha wiki tatu. Restuta alisimama barazani akikitazama kitanda kinavyopandishwa garini, akajisemea moyoni kwamba mtu wa wiki tatu hulala kwenye mkeka. Hakulitamka. Wanawake wa kwao walifundwa kwamba mume aliyeko safarini hasemwi mpaka arudi.

Kitu kimoja tu kilibaki, simu ya mezani. Ilikuwa imefungwa ukutani kwa waya na skrubu, na bisibisi ilikuwa imekwisha kuingia kwenye begi, na begi liko chini ya kitanda, na kitanda kiko chini ya mabati. Ndivyo Restuta alivyopata simu.

Ilikuwa simu ya kijivu, waya wake umejisokota kama mkia wa nguruwe, na kioo chake si kikubwa kuliko kibiriti. Ndani yake mlikuwa na nafasi ishirini za kuhifadhi majina na namba za watu. Restuta hakusoma. Baba yake alikuwa akisema shule ya mtoto wa kike ni jembe, akampa jembe. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi ilikuwa ya jirani yake Bertha, muuza mihogo aliyemaliza darasa la saba. Bertha huingiza namba, huandika jina herufi moja moja kwa vitufe vilevile vya namba, hubonyeza cha kuhifadhi, na simu hulia pii. Restuta aliyajua majina kwa maumbile, kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. La Bertha lilianza na matumbo mawili. La binti yake Monika, aliyeolewa Mtwara, lilianza na vilima viwili. La Laurenti, aliyejiandika mwenyewe wa kwanza kabisa, lilianza na kitu kama jembe lililoegemezwa ukutani.

Kisha mama yake Restuta akaletwa Rasbura mgonjwa, akafia mikononi mwake. Restuta akapiga kwenye jembe. Akapiga maiti ikiwa ndani, akapiga jeneza likigongwa misumari, akapiga waombolezaji waliporudi makaburini. Laurenti alipokea mara moja tu, akasema, "Nitakupigia," akakata. Mpaka arobaini inasomwa hakuwa amepiga. Siku hiyo Restuta alimwita Bertha.

"Mtoe."

"Simu inauliza kama una uhakika."

"Iulize yenyewe ilimpata lini."

Pii. Nafasi ya Laurenti akapewa Dismas, fundi majeneza, ambaye walau alifika msibani.

Mama mtu aliacha masufuria mawili makubwa, kila moja linameza mbuzi na pembe zake. Restuta akaanza kuyakodisha. Akaongeza la tatu, la nne, mpaka ikawa hakuna harusi wala msiba Rasbura usiopita mlangoni kwake. Hapo ndipo Laurenti, aliyekuwa amefukuzwa na mwanamke wake wa Kilwa, alipoikumbuka simu. Akapiga kwa namba za kuazima. Restuta hupokea akidhani ni mteja, anasikia, "Mama Monika, umenisahau?" Mara ya nne akaweka sheria: namba isiyo na jina haipokelewi.

Sheria hiyo iliwatia watu wazimu. Mtu angeweza kwenda kwa miguu, lakini akifika anakuta sufuria limeahidiwa aliyepiga. Watu wakagombania kuhifadhiwa kwenye ile simu kuliko viti vya mbele kanisani. Nafasi ishirini zikajaa, na waliomo wakaanza kutembea taratibu kama watu wenye shamba.

Jumapili moja baada ya misa ukaja ujumbe: Mzee Erasmo, baba mdogo wa Laurenti; katekista Valentini, ambaye watu humwita Mwalimu; na Stefania, dada wa Laurenti.

"Shikamoo, baba," alisema Restuta.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na jambo dogo."

Restuta alimtazama. Mzee alikuwa amevaa koti. Jambo dogo halivaliwi koti.

"Laurenti anataka kurudi," alisema Mzee Erasmo. "Amekonda. Ila hawezi kuja kubisha hodi kama muuza mafagio. Anaomba kwanza jina lake lirudishwe kwenye simu. Apige, lionekane, apokelewe, ndipo apande basi. Ndiyo heshima aliyobaki nayo."

"Ile nyingine aliipeleka wapi?"

"Ndoa ya kanisani haifunguliwi, Mama Monika," alisema katekista kwa upole.

"Sijaifungua, Mwalimu. Aliyeondoka na kitasa ni yeye."

"Wifi, nawe," alisema Stefania. "Si utapata mtu wa kukubebea masufuria?"

"Kubeba anajua. Kitanda alikibeba vizuri, hilo namsifu."

Simu ikaita. Wote wakaigeukia. Kwenye kioo palikuwa na namba tupu.

"Pokea, ndiye," alisema Mzee Erasmo. "Tulimwambia apige saa hizi."

"Haina jina."

"Jina si tunakwambia sisi?"

"Nyie mmeniambia. Simu haijaniambia."

Ikaita mpaka ikanyamaza. Restuta alijua wasingeondoka hivihivi. Akikataa, kesho mtaa mzima utasema amemfukuza mume mbele ya katekista. Akikubali, Laurenti ataingia na begi lake, na kabla mwezi haujaisha masufuria ya mama yake yataitwa masufuria ya Laurenti. Alikwisha kuona baiskeli yake mwenyewe ikibadilika jina vivyo hivyo. Akashika kichwa. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya. Mwiteni Bertha amwandike."

Bertha akaja na unga wa muhogo viganjani, akaandika, akabonyeza. Simu haikulia pii.

"Inasema imejaa."

"Basi toa mmoja," alisema katekista.

"Yupi, Mwalimu?"

Hilo halikuwa limefikiriwa. Bertha akaanza kuwasoma. Alipofika kwa muuza nazi, Stefania alisema, "Huyo mtoe."

"Na wali wa harusi ya mwanao mwezi ujao tuupike kwa maji ya bomba?" aliuliza Restuta.

"Basi mwacheni."

"Atoke Stefania," alisema Mzee Erasmo. "Wewe ni wifi, unaweza kuja kwa miguu."

"Kwa goti hili, baba mdogo? Na harusi ndiyo hiyo? Atoke Mwalimu. Yeye mhubiri, ameshazoea kujitoa."

Katekista akakohoa. "Ningejitoa hata sasa. Lakini namba yangu si yangu, ni ya kigango. Na sikukuu ya mtakatifu somo wetu inakaribia. Nadhani Mzee Erasmo, kwa kuwa kijana ni damu yake..."

"Damu ya marehemu kaka yangu," alisema Mzee Erasmo haraka. "Mimi nilisaidia kulea tu. Na umri wangu mnauona. Siku yangu ikifika, watu wapikiwe kwenye birika?"

"Anafuata Dismas, fundi majeneza," alisoma Bertha.

"Huyo mwacheni," alisema mzee. "Huyo mwacheni kabisa."

Likabaki jina moja ambalo Bertha alilisoma kwa sauti ya chini. Stefania akalidaka. "Huyu si mama yako, wifi? Marehemu. Hapigi, hapigiwi. Nafasi si ndiyo hiyo?"

Restuta aliutazama mlango wa jikoni, ambako masufuria mawili ya kwanza yalikuwa yamefunikwa kifudifudi.

"Mama aliniacha kwa sababu alikufa," alisema. "Huyo mwingine alikuwa na sababu gani?"

Bertha aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Hapana," alisema katekista, uso umemwiva. "Marehemu hatolewi. Mwezi mzima wa Novemba tunawaombea, halafu leo tuwafute? Hapana. Hilo siwezi kulisimamia." Akaketi. Alipokwisha kuketi ndipo alipotambua kwamba mlango aliokuja kuufungua ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee Erasmo akatoa simu yake ya kitochi, akampigia Laurenti, akaweka sauti wote wasikie.

"Mwanangu, tumekutetea sana. Imejaa."

"Imejaa nini, baba?"

"Simu."

"Si mtoe mtu?"

"Tumewapitia wote. Wote ni watu muhimu."

"Na mimi?"

Mzee aliwatazama wenzake. Stefania alikuwa akikanda goti. "Wewe subiri nafasi."

"Itapatikana lini?"

"Mtu akifa." Kila mmoja akaangalia miguu yake. Mzee akafikiri zaidi, maana alikuwa mtu wa haki. "Lakini na akifa, mwanangu, wafiwa watataka masufuria. Kwa hiyo ataingia mrithi wake."

"Basi nisipande basi?"

"Usipande."

Wakanywa chai, wakaaga. Hakuna aliyemlaumu Restuta. Yeye alikubali, simu ndiyo iliyokataa. Katekista hata alimwombea baraka mlangoni.

Hawajafika barabarani, simu ikaita. Kwenye kioo likatokea jina linaloanza na kitana chenye meno matatu. Restuta akapokea.

"Abee, baba."

"Hamna neno, mwanangu. Nilikuwa naangalia tu. Bado nimo?"

"Umo, baba."

"Haya. Asante."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake. Papo hapo ikaita tena, namba tupu. Restuta alikwishaingia jikoni. Alilipindua sufuria la mama yake, akaliinamia mpaka mabega, akaanza kusugua kwa mchanga, na kelele ya mchanga humo ndani ilikuwa kubwa kuliko ya simu.