Kuhojiwa Mbele ya Mkwe

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani wa ghala pale bandarini, nami niliitaka kwa sababu moja tu: bila kazi ya mshahara nisingepewa mke. Baba wa binti alikuwa karani bomani, mtu wa kanzu iliyonyooshwa na maneno machache. Posa yetu aliipokea, ila alimwambia mshenga waziwazi kwamba hatamwozesha binti yake kijana anayeishi kwa kukwea minazi ya watu, kama nilivyokuwa nikifanya na baba yangu pale Mtoni. Nipate kazi kabla ya Ramadhani. La sivyo, kulikuwa na mwenye duka Ilala aliyekuwa akiulizia.

Sikumlaumu. Nilimpenda yule binti hata usingizi ukanihama, na sioni haya kulisema hilo uzeeni.

Mjomba wangu, aliyewahi kuwa tarishi katika ofisi ya Wazungu, alijitwika kazi ya kunifundisha kusema. Baada ya sala ya alasiri alikaa uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amevaa kofia ngumu iliyopasuka ukingo, akajifanya ndiye bwana mkubwa.

"Kazi hii unaiweza?"

"Inshallah, nitajaribu, mjomba."

"Mjomba wako nani hapa? Nimekuuliza, unaiweza?"

Dada zangu jikoni walicheka mpaka wali ukashika chini. Lakini mimi nililelewa hivyo. Kwetu mtu akiulizwa kama anajua jambo, husema anajua kidogo, hata kama ndilo linalomlisha. Anayejibu vingine huonekana hakufunzwa nyumbani kwao.

"Mzungu hana habari na adabu zako," mjomba akasema. "Ukitazama chini, atadhani umeiba. Mtazame usoni, sema naiweza, kisha funga mdomo."

Nikajifunza. Nilikuwa nikienda kisimani huku nikijisemea kwa sauti, "Naiweza, bwana," wanawake wenye ndoo wakinipisha kama mwendawazimu. Ilipofika siku ya kuhojiwa nilikuwa nimeiva. Aliyetangulia kuingia alikuwa kijana wa bara aliyesoma misheni, na sauti yake tuliisikia mpaka nje. Sikumwogopa. Nilijua yangu ingesikika zaidi.

Kisha nikaitwa. Yule Mzungu alikuwa mgeni nchini, Kiswahili hakijui, na mkalimani wa ghala alikuwa kitandani kwa homa. Asubuhi ile walikuwa wameazima mtu kutoka bomani. Kwenye kiti cha pembeni aliketi mkwe wangu mtarajiwa.

Mkwe hatazamwi usoni. Tangu posa ipelekwe, nikimwona njiani nilikuwa nikishuka kando mpaka apite, na zaidi ya salamu sikuwahi kumwambia neno. Sasa kila swali lingepitia kinywani mwake.

"Shikamoo, mzee," nikasema nimeinama, kabla hata sijamsalimu mwenye ofisi.

"Marahaba. Bwana anauliza, kazi hii unaiweza?"

Yote niliyofundishwa yalikuwepo kichwani, hayakupotea. Lakini nimwambieje mtu yule, uso kwa uso, kwamba mimi ni hodari?

"Kidogo, mzee."

"Anauliza, hesabu unazijua?"

"Kidogo."

Nilikuwa nikiongea na sakafu. Mzungu akasema jambo, na mkwe wangu akakawia kidogo kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza kama unaumwa."

"Hapana, mzee."

Angeweza kunitetea, lakini ingeonekana analeta mtu wake, naye hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliyapeleka maneno yangu kama yalivyotoka, machache na dhaifu. Nikaambiwa nitoke.

Wote walipokwisha kuhojiwa alinifuata nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Akaniambia kwamba kazi amepewa yule kijana wa misheni. Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa, natazama makubazi yake.

"Nilikuwa nakungoja uinue macho," akasema. "Mara moja tu."

"Nisingeweza, mzee."

"Najua. Na ungeyainua, nisingekupa mwanangu."

Nilitamani kumuuliza basi nilitakiwa nifanye nini. Hata hilo sikuweza kumuuliza, kwa kuwa bado alikuwa mkwe wangu. Hasira niliyoisikia siku ile sijapata mtu wa kumbebesha mpaka leo.

Posa ilirudishwa kabla ya mwandamo wa mwezi, kwa heshima zote, na mshenga akasifiwa sana. Siku ya harusi ya binti na yule mwenye duka wa Ilala nilipanda mnazi mrefu kuliko yote pale Mtoni, ingawa nazi zake hazikuwa zimekomaa. Ngoma niliisikia yote kutoka kule juu, nikalia nimelikumbatia shina, na sikushuka mpaka bibi harusi alipokwisha kuchukuliwa.