Unga wa Safari ya Nepal

Mwaka 1961, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikawekwa kuuza chai stendi, Moshi. Birika moja, benchi moja. Walioniudhi ni wale waliokaa benchi langu asubuhi nzima, wametoa mkate wao mfukoni, wananiagiza maji ya moto tu.

Sikuwasahau. Kwa hiyo mwaka 2004, tukiishi DeSoto, Texas, mume wangu alipotaka tutembee mpaka kambi ya chini ya Everest, niliuliza jambo moja: tutalala wapi?

"Nyumba za chai. Kitanda ni karibu bure, faida yao iko kwenye chakula unachoagiza."

"Basi twende." Watu hao niliwajua kabla sijawaona.

Texas ni tambarare kama meza, hivyo mazoezi tuliyafanyia kwenye ngazi za jengo la kuegesha magari, mabegi yamejaa mchele. Binti yetu anayeishi mji wa Katy akapiga simu: "Mom, are you guys okay?" Tuko okay, nikamwambia, baba yako anahema tu.

Kisha nikamkuta mzee wangu anapakia unga wa sembe. Na sufuria.

"Bila ugali mimi siendi popote."

"Ukapike kwenye nyumba ya mtu anayeishi kwa kuuza chakula? Basi hata mimi siendi."

Tiketi zikasimama. Nikamwekea sharti: mwezi mzima humu ndani ni wali na dengu, kama huko. Ukiweza, tunanunua.

Akaweza vizuri mno. Ila kila Jumapili baada ya ibada alikwenda Fort Worth, eti mazoezi. Siku moja rafiki yake Mkongo akanipigia akicheka: "Mama, kuja uchukue muzee, amemaliza bugali yetu yote!"

Aliporudi nikamwuliza, "Mlima wa Fort Worth una urefu gani?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema taratibu, "Mke wangu, niache niubebe tu huo unga. Sitaufungua. Nikijua upo, dengu zao zitashuka."

Jumatatu nikanunua tiketi.

Leo nina nyumba DeSoto, imelipwa yote. Nina mgahawa, sina mbia. Nina gari la kupelekea chakula. Nina birika la stendi, limetoboka. Nina viatu vya mlima jozi mbili. Vya mzee havina mvaaji tena. Na nina pakiti ya unga iliyofika kambini ikarudi, haijafunguliwa.